Maji Yaliyozama Kisangire

Mgawamaji alipofungua malango asubuhi ile, maji yaliingia kwenye majaruba ya mpunga ya bonde la Kisangire kana kwamba yameitwa kwa majina. Hakuna mkono wa mtu ulioyagusa. Vijicho vya kioo vilivyochomekwa kila jaruba vilipima kimo cha maji na rangi ya majani. Kisha Mgawamaji, ubongo-mashine aliyekaa mnarani pembezoni mwa jiji, akaamua mpunga upi unywe na upi ukaushwe. Maji yenyewe yalitoka vyooni, mabafuni na jikoni mwa jiji zima, yakasafishwa hadi yakang'aa. Vijidudu viliuawa vyote. Naitrojeni iliachwa makusudi, kwa kuwa hiyo ndiyo mbolea. Wakulima wa bondeni walikwisha kusahau harufu ya mfuko wa mbolea, na mpunga wao ulifika kiunoni.

Mhandisi Eufrasia Ligombe, aliyembuni Mgawamaji, alikuwa mnarani simu ilipoita. Alikuwa Salvina, mke wa kaka yake, mkulima wa hukohuko bondeni.

"Wifi, njoo hospitali. Mtoto amegeuka rangi."

Alimkuta kichanga kitandani, midomo na kucha vimeiva kama zambarau. Hakuwa akilia, hilo ndilo lililomtisha zaidi. Daktari Mwanaheri alikuwa amemtoa damu, nayo ilikuwa ya kahawia.

"Damu yake haibebi hewa," daktari alisema. "Naitreti, chumvi ya mbolea, hufanya hivi ikizidi kwenye maji. Mama, unamnyonyesha?"

"Maziwa yalikatika, daktari. Namkorogea ya kopo. Lakini maji ya kisima nayachemsha! Nayachemsha mpaka yanabaki nusu sufuria, ndipo namkorogea."

Daktari akainamisha macho. Eufrasia hakuthubutu kumtazama wifi yake. Moto huua vijidudu, lakini naitreti haifi. Maji yanapopaa kwa mvuke, naitreti hubaki sufuriani, ikazidi kukolea. Kadiri Salvina alivyojitahidi, ndivyo alivyomzidishia mwanawe.

Mtoto alipochomwa sindano ya dawa, Eufrasia alitoka kwenda ukumbini. Mambo yalikuwa yakijipanga kichwani mwake bila kuyaita. Mpunga ulikuwa unachukua sehemu tu ya naitrojeni. Nyingine iligeuka gesi ya amonia ikapaa hewani, na hasara hiyo aliijua. Lakini ili kubana maji wakati wa kiangazi, alikuwa amemfundisha Mgawamaji kukausha majaruba kisha kuyafurisha tena. Udongo ulipokauka uligeuza mabaki ya naitrojeni kuwa naitreti. Maji yaliporudi yaliisukuma chini, kupitia mchanga, hadi visimani. Vijicho alikuwa ameviweka mashambani na mtoni. Visimani hakuweka hata kimoja.

Akampigia Mgawamaji. "Funga malango yote ya mashamba."

"Naweza," sauti ilijibu kwa upole. "Ila mabwawa ya kusafishia maji yamejaa, na jiji haliachi kutoa maji. Nikifunga, yataingia mtoni. Watu wa huko chini wanakunywa maji ya mto huo, na wao ni wengi kuliko wa bondeni. Nifunge?"

"Usikaushe majaruba, basi. Yaache na maji."

"Sawa. Itapunguza naitreti mpya."

"Na iliyokwisha kuzama?"

"Hiyo sina mkono wa kuifikia, Mhandisi. Itatembea chini ya ardhi miaka mingi."

Eufrasia alikata simu.

Aliporudi wodini, midomo ya mtoto ilikuwa imeanza kurudi rangi yake. Alilia, kilio chembamba cha hasira, na Salvina akacheka huku machozi yakimdondoka kifuani.

"Asante Mungu. Shangazi mtu, msikie! Haya niambie, wifi, wewe ndiye mjuzi wa maji. Tukirudi nyumbani, nimkorogee na maji gani?"

"Nitakuletea ya chupa."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Salvina alimpapasa mwanawe. "Na jirani yangu Yustina, je? Naye ana kichanga, tena mdogo kuliko huyu. Kisima chetu ni kimoja. Mimi ndiye niliyemfundisha kuchemsha."

"Mpigie," Eufrasia alisema. "Mpigie sasa hivi. Mwambie asimpe maji hayo."

Salvina akapiga. Simu iliita hadi ikakatika. Akapiga tena, ikaita.