Kodi Iandikwe kwa Nani?

"Nusu kwa nusu," wakili alisema, akiusogeza mezani mkataba wa kugawana mali. "Nyumba ya kupangisha ilikuwa yenu wote, mmeiuza kwa faida, basi na kodi ya serikali mtagawana."

Mama Mapacha akausukuma mkataba nyuma. Nusu hiyo ingemlazimu auze mashine zote za saluni yake. Mnunuzi alikuwa kule muda huo, anazikagua.

"Pango la nyumba ile sijawahi hata kulinusa, wakili. Alikusanya yeye, akatumia yeye. Leo kwenye kodi ndiyo nakuwa mshirika?"

Mumewe, fundi bomba, alikuwa kainamia simu. Ndivyo alivyo yule bwana. Jambo likiwa zito hulituma kwa meseji, hata kama mmelala kitanda kimoja. Ndicho kilichomchosha mkewe mpaka akadai talaka.

Simu ya Mama Mapacha ikalia.

"Kodi yote iandikwe kwangu. Pango nilikula mwenyewe. Usiuze saluni."

Akaisoma mara mbili. Kisha akamkazia macho mtumaji, aliyekaa hatua moja tu kutoka kwake.

"Baba Mapacha, niko hapa. Weka simu chini, useme."

"Si nimeshaandika..."

"Sema!"

Fundi akajifuta jasho. Mabomba yanayopasuka hayamtishi, ila maneno yanamtesa maskini.

"Kodi nitalipa mimi. Yote. Nilikukosea, mama."

"Habari za saluni umezijuaje?"

"Shemeji kaniambia jana. Sikupata usingizi."

Mama Mapacha akashusha pumzi ndefu, mabega nayo yakashuka.

"Wakili, andika hivyo hivyo. Na atie sahihi sasa hivi, asije akaniruka."

Fundi akasaini bila kusita. Mkewe akampigia mdogo wake aliyebaki saluni.

"Mwambie huyo mnunuzi aende zake salama. Hatuuzi kitu!"

Vigelegele vya upande wa pili vikasikika mpaka kwa wakili, naye akacheka.

"Haya, na talaka je?"

Fundi akamgeukia mkewe. Safari hii hakuigusa simu.

"Mimi siitaki. Nakupenda, mke wangu. Ila ukiitaka, sitakuzuia."

Machozi yakamtoka Mama Mapacha, na kicheko juu yake.

"Ifungie kabatini kwanza, wakili. Miaka yote namsubiri mtu huyu aongee. Leo ndiyo kwanza kaanza, halafu mimi niondoke?"