Orodha ya Mbolea

Saa 5:30 asubuhi. Langas, Eldoret.

Kelele za posho mill zilifunika sauti zao. Kwenye chumba cha nyuma, Murunga, dereva wa lori, alichora ofisi kwa chaki sakafuni.

"Soja wa geti anaenda kula saa saba. Tryphosa anafungua. Tunatoa diski, tunapotea. Dakika kumi."

Tryphosa alikuwa mfagiaji wa ofisi hiyo ya kuuza mbolea. Ndiye aliyesikia: bosi anagombea kiti, na kompyuta ya zamani inachomwa kesho. Ndani yake mlikuwa na orodha ya wakulima. Januari 2008, kwenye ghasia za uchaguzi, vijana walipita nayo mjini Turbo, imepigwa chapa: jina, kabila, namba ya ploti. Walisoma jina la Nabalayo, mke wa Murunga. Alifia ndani ya nyumba waliyoichoma.

Miaka mitano sasa.

"Bosi ataenda kortini," Murunga alisema. "Na mwenye aliandika programu ya hiyo orodha, huyo ni wangu."

Opondo, fundi wa kompyuta, alitazama chini. Kazi hii aliiomba mwenyewe.

Saa 7:03.

Ufunguo ulizunguka. Opondo aliiwasha mashine.

"Chomoa diski twende!" Murunga alihimiza.

"Nahakikisha kwanza."

Murunga alichungulia begani kwake. Opondo alikuwa anafuta. Mstari mmoja tu: *Imeandikwa na E. Opondo, Novemba 2007.*

Akamkamata mkono.

"Ni wewe."

"Niliambiwa ni ya mbolea!"

"Mbolea inajua kabila?"

"Mteja alitaka safu ya kabila iongezwe. Ningekataa, wangetafuta mwingine."

"Wangetafuta basi! Ulijua lini?"

"Krismasi. Niliona wanachapisha orodha ya Turbo peke yake. Nikapanda gari la Kisumu."

"Ukaambia nani?"

Murunga aliinua nondo aliyokuja nayo. Tryphosa akamrukia mkono. "Ukimuua, nani atasema ni nani alitaka hiyo safu?"

Nondo ilishuka kwenye goti. Opondo akapiga yowe.

Saa 7:11.

Filimbi ya soja ililia nje. Murunga aling'oa diski, akamsukumia Tryphosa. "Peleka kwa wakili. Pitia nyuma."

"Na wewe?"

"Huyu hapandi gari tena."

Karao wa kituo cha polisi jirani waliingia bunduki mbele. Murunga alikuwa amemkalia Opondo kifuani.

"Jambazi ni huyu!" Opondo alilia. "Alinileta kwa nguvu!"

Murunga alinyoosha mikono. Pingu zikamfunga.

Saa 10:15 jioni.

Opondo alikuwa kitandani hospitalini, mguu kwenye plasta. Wakili Hulda aliingia na karao wawili. Mmoja alimfunga pingu kwenye chuma cha kitanda.

"Tumesoma diski," Hulda alisema. "Jina lako liko."

"Sisemi kitu."

"Sawa. Murunga amekubali makosa yote. Ameomba kitu kimoja: mkipelekwa rumande, mlale seli moja."

Opondo aliwatazama karao. Hakuna aliyecheka.

"Leteni kalamu," akasema. "Nitawaandikia nani aliniambia niongeze hiyo safu."