Nyota Zilizochelewesha Dawa

Kila Jumatano baada ya masomo, Chapuchapu alikuwa wa kwanza kufika chumba cha kompyuta. Wenzake walimpa jina hilo kwa jinsi vidole vyake vilivyokimbia kwenye kibodi. Muhula huo alitengeneza programu ya zahanati ambako mama yake alikuwa muuguzi: unaandika jina la dawa, inakuonyesha kabati ilipo. Kwa madaha, alijaza nyota kwenye skrini nzima.

"Umeijaribu kwa breki?" mwalimu aliuliza.

Breki ilikuwa programu ndogo ya kupunguza kasi. Iliachia herufi thelathini tu kwa sekunde, sawa na laini kuukuu ya simu iliyounganisha zahanati na kompyuta ya shule, ili mtu aonje taabu ya huko bila kutoka darasani.

"Nimeijaribu, Mwalimu," alijibu, macho chini. Wapi! Nani akae akingoja herufi zitambae?

"Vizuri. Kesho mchana mama yako ataanza kuitumia."

Jioni, mama alikuwa akipiga pasi sare yake huku akitabasamu. "Kesho sipekui tena madaftari, mwanangu. Juzi mtoto alibanwa na pumu, nami nahangaika nisijue dawa iko wapi."

Chapuchapu akasukuma sahani kando. "Mama, nimemdanganya Mwalimu. Sijaijaribu."

Mama aliweka pasi chini. "Basi kamwambie mwenyewe, asubuhi na mapema. Zamu yangu inaanza saa nane."

Asubuhi alimsubiri mwalimu mlangoni, akasema yote. Mwalimu hakufoka. Aliwasha breki, akamvutia kiti.

Nyota zikaanza kutokea moja moja. Sekunde kumi. Thelathini. Jibu lilitokea baada ya sekunde sitini na nne! Tena, kila alipobonyeza herufi moja, nyota zote zilichorwa upya. Chapuchapu aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

"Naitengeneza leo leo," alisema, akikunja mikono ya sweta.

Alifuta nyota zote, ingawa alizipenda kweli. Akajaribu: sekunde ishirini. Bado orodha nzima ya dawa ilikuwa ikijichora. Wakati wa mapumziko wenzake walimwita uwanjani, hakugeuka. Alirekebisha, akajaribu, akarekebisha tena, hadi programu ikaandika mstari mmoja tu wa jibu. Sekunde mbili! Akarudia mara kumi kwa breki ile ile aliyoikwepa jana.

Saa nane na nusu simu ya mwalimu iliita.

"Mwambie binti yangu nimetafuta dawa ya pumu," mama alisema. "Kabati la tatu, rafu ya juu. Jibu limekuja hata sijavuta kiti!"

Chapuchapu aliruka kwa furaha. Mwalimu akamshika bega.

"Kazi yako ijaribu kwenye taabu ya yule atakayeitumia," alisema. "Na ukiulizwa kama umeijaribu, sema kweli. Upande wa pili wa jibu lako kuna mtoto anatafuta pumzi."