Dakika Ishirini Kwenye Barafu

Simu ilitetemeka juu ya kabati gizani, ikigongagonga bilauri. Saa kumi na moja alfajiri. Mama wa mtoto mmoja, aliye kwenye majaribio ya kazi ya kununua mvinyo hotelini, aliitazama kama simu ya mtu mwingine. Wiki tatu hakupokea simu za mpenzi wake. Leo alipokea, si kwa kusamehe. Hasira ilikwisha tu, na mahali pake hapakuja kitu.

"Umeamka, bibie?"

"Nimelala. Unaongea na mto."

Aliyepiga alikuwa mwonjaji wa mvinyo wa kukodiwa. Hotelini wote walimwita Pua. Walikutana mlango wa mizigo, malori yakipiga honi, mwanamke alipompitishia toroli juu ya mguu, naye Pua, ndani ya sweta lake la rangi ya haradali, akaliomba toroli radhi. Ikafuata miezi minane ya mapenzi. Kisha siku ya kuonja, chupa zikiwa zimevishwa soksi zisijulikane, Pua akaupa alama kumi kwa ishirini mvinyo mwekundu wa Burgundy, Ufaransa, aliouchagua mwanamke, wa mwaka wa jua kali. Akaandika: jamu iliyoungua. Mwanamke aliamini Pua alijua ni wa nani. Leo meneja angeuonja mara ya mwisho. Ukianguka, anarudi kubeba sahani.

"Sikujua ni wako," Pua alisema. "Ungepokea, ningekuuliza kitu kimoja tu. Siku ile uliuweka wapi?"

"Mezani. Darasa la mvinyo la jioni walitufundisha, mwekundu huwekwa joto la chumba."

"Chumba kipi, mpenzi? Chako cha kuonjea kimepakana na tanuri la jikoni."

Tanuri halikuwa kwenye daftari lake la darasa.

"Huo umeshaiva na jua. Ukiupasha tena, pombe inapanda puani. Dakika ishirini kwenye barafu, basi."

Saa nne alimimina, aproni nyeusi imenyooka, glasi zikatoa jasho. Rangi ya rubi, imepauka kidogo ukingoni. Alinusa: cheri zilizoiva sana, ganda kavu la chungwa, udongo ulionyeshewa. Mdomoni ulikuwa mnene, ukakasi laini, kisha uchachu mwembamba ukauinua. Alijua ni mzuri kama mtu anavyojua leo ni Jumanne. Moyo haukutikisika.

Pua, shati lake limepigwa pasi mbele tu, alinusa akaweka kalamu chini.

"Huu nimeujua, na mimi ndiye niliyemwambia aupoze. Alama zangu msizihesabu. Hata zile za kwanza, nilihukumu tanuri."

Meneja akaonja, akatema kwenye ndoo. Akaonja tena, safari hii akameza. Akamwambia mwanamke, sasa mnunuzi wake kamili, aagize katoni sita.

Wenzake walimpongeza, naye akashukuru kwa adabu, kama anayepokea barua ya jirani.

Jioni Pua alimsindikiza hadi nyumbani. Hakupiga goti. Alisema tu kwamba amechoka kuaga mlangoni, anataka wafunge ndoa.

"Sisikii kitu," mwanamke alimjibu. "Si furaha, si uchungu. Kama mdomo uliotoka kwa daktari wa meno."

"Ganzi huwa inaisha. Mimi nauliza kama nibaki."

Binti yake wa miaka mitano alichungulia kutoka nyuma ya mama yake, akatazama sakafuni.

"Mama, anko ameshavua viatu."