Kidole Kisichoitika

Uwanja wa netiboli wa Arua ulijaa hadi watu wakapanda ukutani. Koboko walikuwa nyuma kwa bao moja. Shamim, mfungaji wao, binti mrefu mwenye jezi ya manjano na kilemba cheusi, aliruka kudaka pasi, mpira ukamgonga ncha ya kidole cha kati cha mkono wa kulia. Alikitazama, damu ikamwishia usoni. Ncha ilikuwa imeinama, na kila alipotaka kuinyoosha ilikataa.

"Mama yangu! Kidole haiitiki!"

Wenzake wakamzunguka. Huyu anasema kivutwe, yule anasema kikandwe kwa maji moto. Ndipo kijana mwenye shati jeupe lililopigwa pasi akaruka ukuta, pakiti ya karanga mkononi.

"Musivute! Mutu asiguse!" Akapiga magoti mbele ya Shamim. "Mimi ni Kenyi, niko kwa kliniki ya mifupa hapa juu. Lete mkono, dada."

"Utakata?"

"Nikate na nini? Na karanga?"

Shamim alitaka kucheka, machozi yakamtangulia. Kenyi akachana kwa meno kipande cha chupa ya maji, akakilaza chini ya kidole na kukifunga.

"Mshipa wa kunyanyua ncha umekatika," alisema polepole. "Kidole ikikaa imenyooka wiki sita, utajiunga wenyewe. Lakini ncha isikunjwe hata mara moja. Ukikunja, tunaanza upya. Ikikataa kabisa, huenda wapasue, na bado ibaki imepinda."

Katika maneno yote hayo, Shamim alirudi Koboko na moja tu: wapasue.

Mapenzi yao yalikua kwenye simu. Kliniki walishapiga picha, mfupa ulikuwa mzima, Kenyi akamfungia kibanzi kizuri cha plastiki cha kuinyoosha ncha, akamkataza kucheza, kufua na kubeba mzigo. Tangu hapo, hapakupita jioni bila simu.

"Malkia, kidole iko wapi?"

"Iko kwa mkono. Iende wapi?"

"Imenyooka?"

"Imenyooka kuliko wewe."

"Na mwenye kidole?"

"Anakukumbuka. Haya, kata simu, Haboba anasikia." Haboba ndiye bibi yake aliyemlea, na masikio ya Haboba, jamani, hayakuwa na likizo.

Siku ya kurudi kliniki Shamim alijifunga gurbaba yake ya zambarau, ile nguo ya wanawake wa Kinubi, akajifukiza udi hadi wagonjwa kwenye foleni wakageuka. Kenyi akafungua plasta huku akitabasamu. Tabasamu likamkauka. Ncha ilianguka vilevile kama siku ya kwanza.

"Umecheza," alisema.

"Sijacheza! Jumapili nilikaa kando, nikashangilia tu."

"Hii kidole inakunjwa kila siku, Shamim. Usinidanganye."

"Wallahi sijagusa mpira!"

"Basi nani anakunja? Jini?"

Na wewe Kenyi! Mtu anatetemeka mbele yako, unamrushia jini. Ukweli ni kwamba hofu yake ilizidi ya Shamim. Aliona mshipa unapotea mikononi mwake, na mwenye mshipa ndiye aliyempenda, hofu ikamtoka kwa sauti ya ukali. Akafunga upya bila kumtazama usoni.

Jioni simu iliita, Shamim akaizima. Akakaa Koboko na hofu yake. Kila akifumba macho aliona kisu, na akiyafumbua anaona kidole kilichopinda milele. Kenyi naye alikuwa hali, halali. Ijumaa uvumilivu ukamwishia, akaazima pikipiki ya rafiki yake Ronnie, akafika Koboko roho mkononi.

Haboba ndiye aliyefungua lango. "Kumbe ndiye wewe, daktari wa simu? Pita, mwanangu. Anajiandaa kuswali."

Shamim alikuwa ameketi kwenye kigoda na birika la maji. Kibanzi kilikuwa juu ya jiwe, kidole kinaning'inia kitupu. Akamimina maji, akakisugua, akakikunja.

"Shamim, wacha! Shika ncha!"

Birika likaanguka. "Kenyi! Unataka kuniua?"

"Unafanya nini?"

"Nachukua udhu. Kwani iko nini?"

"Kila swala unatoa kibanzi?"

"Nitaswali namna gani na maji haijafika kwa ngozi? Natoa kidogo tu, narudisha. Ulisema nisicheze, nisifue, nisibebe mzigo. Sijafanya hata moja!"

Kenyi akakaa palepale kwenye matope. Utotoni aliwahi kuvunjika mkono, na mwalimu wa madrasa akamfundisha: mwenye bandeji hupitisha juu yake mkono wenye maji, inatosha. Jambo hilo alilijua tangu mdogo, wala halikumjia kwamba mtu anaweza kutolijua.

Alipomweleza, Shamim hakuamini. "Haboba, ni kweli?"

"Kweli tupu. Babu yako aliswali hivyo na mguu wa plasta. Mbona hukuuliza?"

"Niliogopa mtasema natafuta njia ya kukwepa swala." Akageuka. "Na wewe uliniita muongo, Kenyi."

"Nisamehe, mpenzi. Niliogopa. Nilijua ikiharibika utanichukia."

"Nilikuwa nakuchukia tayari," alisema, lakini alimpa mkono. Kenyi akaishika ile ncha kama yai, akaifunga, wakaanza kuhesabu upya wiki sita.

Siku ya kufungua, Haboba alibaki nje ya chumba cha kliniki na tasbihi yake. Ndani, Shamim alifumba macho. Kenyi alitoa plasta, akatoa kibanzi, akabaki ameshikilia ncha kwa kidole chake. Hakuthubutu kukiondoa.

"Achia," Shamim alinong'ona.

"Naogopa."

"Hata mimi. Achia."

Akaachia. Shamim akasikia mtu analia.

"Imeanguka," alisema, machozi yakimtoka. "Sema tu, Kenyi. Imeanguka."

"Angalia."

Kidole kilikuwa kimesimama, kikitetemeka kidogo, lakini kimesimama. Shamim akacheka kwa furaha, akataka kukikunja aone kama ni chake.

"Usikunje!" Kenyi alipiga kelele hadi Haboba akachungulia mlangoni. "Pole pole. Na usiku bado inafungwa, wiki kadhaa."

"Usiku? Mkono mmoja sitaweza vizuri. Nani atanifunga?"

Kenyi akajifuta uso kwa mkono wa shati, akamgeukia bibi. "Haboba, nikileta wazee wangu Ijumaa, mutatupokea?"

Haboba akamtazama mjukuu wake.

"Waje Alhamisi," Shamim alisema.