Nyota Tatu kwa Wiki

"Emlyn, mswaki wako."

"Nimeuona."

"Na wembe. Na soksi moja iko chini ya hita."

Emlyn alisimama katikati ya jiko, tosti mdomoni, begi begani. Walikuwa wamependana mwaka na miezi miwili, na kila Jumatatu asubuhi mwanaume wa watu anafungasha kama mgeni aliyefukuzwa hotelini.

"Nerys, nikiacha soksi moja hapa, itakuuma?"

"Tusianze."

"Sianzi, nauliza tu. Paka wa jirani anaacha manyoya kwenye kiti cha mama yangu, na hafukuzwi."

Nerys alitaka kucheka, akajizuia. Asubuhi hiyo vidole vilikuwa vimekaza, hata kikombe alikishika kwa viganja viwili. Baridi yabisi ilimkamata akiwa na miaka kumi na tisa. Sasa ana ishirini na saba, na kuna siku anatembea kwa magongo, kuna siku anashinda kwenye kiti cha magurudumu. Walikutana hivyohivyo: lifti ya jengo lake mjini Llanelli ilikwama naye ndani, na fundi aliyekuja kumtoa alikuwa Emlyn.

Emlyn akageuka kuchukua maziwa. Kalenda iliyobandikwa kwenye mlango wa friji alikuwa ameiona mara nyingi, ila leo aliisoma.

"Hizi namba ni za nini?"

"Saa zangu za kusoma."

"Kila wiki jumla ni kumi na tano, haizidi hata kidogo. Na nyota? Ijumaa, Jumamosi, Jumapili..." Akahesabu tena. "Nerys, hizi ndizo siku ninazolala hapa."

Nerys akasukuma kikombe pembeni.

"Kumbe mimi dawa! Mara tatu kwa wiki, baada ya chakula!"

"Emlyn..."

Lakini Emlyn alikuwa ameshaona karatasi iliyokunjwa nyuma ya kalenda. Aliifungua. Ilikuwa fomu ya chuo, ombi la kuacha masomo. Imejazwa yote, imebaki sahihi.

"Unaacha shule?"

"Kaa chini nikueleze."

"Nitasimama."

"Sheria ni siku tatu," Nerys alisema. "Mwanaume akilala kwako zaidi ya siku tatu kwa wiki, ofisi ya posho inahesabu mnaishi pamoja, na ile pesa ya serikali ninayoishi nayo inakatwa. Muulize Beti wa ghorofa ya chini. Bwana wake alilala siku nne tu, wakamkatia. Na kusoma kusizidi saa kumi na sita kwa wiki, la sivyo wanasema unaweza kazi."

"Nani kasema?"

"Kila mtu!"

"Na fomu?"

"Uliniomba tuishi pamoja. Nimewaza wiki tatu, Emlyn. Wewe, shule na posho haviingii kwenye nyumba moja. Wataanza kunichunguza. Wataniona napanda ngazi za maktaba siku magoti yamekubali, waseme huyu mzima. Lazima kitu kimoja kitoke. Nimetoa shule."

"Bila kuniuliza?"

"Ningekuuliza ungesemaje?"

"Ningesema nitoke mimi."

Akachukua soksi, akachukua mswaki, akatoka na kufunga mlango taratibu. Afadhali angeubamiza. Nerys alibaki na tosti mbili zilizopoa, na alilia kweli.

Kesho yake ujumbe wa Emlyn ukaingia:

"Ukisaini ile fomu usinipigie. Umeamka saa kumi na moja miaka miwili kusoma kabla mikono haijachoka. Siwezi kulala kwako kwa gharama hiyo."

Nerys aliandika, akafuta, akaandika tena:

"Naipeleka chuoni Alhamisi saa nne. Ukitaka kushuhudia, njoo."

"Nitakuja kupiga kelele."

Alhamisi Emlyn alikuja na ovaroli ya kazini, akakaa karibu na mlango, mikono kifuani. Nerys alisogeza kiti chake hadi kwenye dawati la huduma za wanafunzi. Mama wa pale, Glenys, aliisoma fomu, kisha akaiweka kando.

"Masomo yamekushinda, mwanangu?"

"Hapana."

"Alama?"

"Ziko juu."

"Basi nini?"

Nerys akaeleza yote, saa kumi na sita, siku tatu, nyota za kwenye kalenda, Beti. Glenys alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Hizo saa kumi na sita ni habari za posho za zamani. Watu wamerithishana. Kwa posho yako, kinachoangaliwa ni kama chuo kinaiita kozi ya kutwa au ya saa chache. Yako ni ya saa chache. Na wameshakupima wakakubali kwamba kazi huwezi, sivyo?"

"Ndiyo."

"Basi hakuna kazi unayotakiwa kutafuta ambayo masomo yangeizuia. Ungetaka kuhamia ya kutwa, hapo tungekaa chini, masharti ni mengine. Uliwaarifu kuhusu kozi?"

Nerys akashughulika na breki ya kiti.

"Miaka miwili hukuwaarifu?"

"Niliogopa, Bi Glenys. Niliona nikitamka tu, nimekwisha."

"Kosa ndilo hilo. Kusoma si kosa, kuficha ndiko kosa. Wanaweza kukuhoji kwa nini ulichelewa, sikudanganyi. Tutaandika leo, nikiwa hapa."

"Na posho yangu nyingine, ya ulemavu?"

"Ile inaangalia mwili unavyokutesa, haiangalii vitabu. Wakikuuliza, waambie siku unazotembea na siku usizotembea. Zote."

"Na siku tatu?"

Glenys akacheka hadi mabega yakatikisika.

"Hakuna siku tatu, wala nne. Wanauliza kama mnaishi kama mume na mke. Mnapika sufuria moja? Barua zake zinakuja wapi? Watu wanawajua kama nani?"

Nerys alimkumbuka Beti. Barua za bwana wake zilikuwa zikidondoka mlangoni pake kila asubuhi, na kwenye mchezo wa bingo alimtambulisha kama mume wake. Siku nne ndicho kipande alichopenda kusimulia.

"Kwa hiyo," sauti ya Emlyn ikatoka mlangoni, "serikali inauliza swali lilelile ninalouliza mimi."

"Wewe ndiye nyota?" Glenys akauliza.

"Ndiye mimi."

"Basi sikiliza na wewe. Mkiishi pamoja, ombi linakuwa moja, na mshahara wako unahesabiwa. Posho yake ya kujikimu itapungua, huenda ikaisha. Ile ya ulemavu inabaki yake."

Nerys akageuza kiti kumkabili Emlyn.

"Umesikia? Nilipoanza kuumwa nilirudi kwa baba. Hata sabuni niliomba. Niliapa sitamwomba mtu tena. Siogopi ofisi peke yake, Emlyn. Nakuogopa na wewe."

Emlyn aliinuka. Alikuja akapiga magoti mbele yake, hapo sakafuni.

"Mshahara wangu uingie akaunti yenye majina mawili. Usiombe. Chukua."

"Nitasoma."

"Soma."

"Nikiamka vidole vimekaza nitakufokea."

"Si ndivyo unavyofanya kila Jumatatu?"

Glenys alikohoa. "Jamani, kuna foleni."

Ile fomu Nerys aliikunja akaitia mfukoni, kisha akafungua akaunti yake ya posho kwenye simu na kuandika kuhusu kozi, tangu siku ya kwanza, huku Glenys akimwelekeza.

"Na la mwenza?" Glenys akauliza.

"Hajahamia. Nitaliandika siku atakayohamia."

"Lini?" Emlyn akadakia.

"Jumamosi, kama huna kazi."

Jumamosi alifika na maboksi mawili na chungu cha ua. Nerys hakumruhusu kufungua hata boksi moja. Alikuwa amekaa mezani, simu mbele yake, kalenda mpya isiyo na nyota kwenye friji.

"Ngoja kwanza. Wanauliza: unaishi na mwenza?"

"Unajibuje?"

Hakujibu kwa mdomo. Kwa kidole kilichopinda alibonyeza ndiyo, akamwonyesha. Emlyn aliitazama ile simu, macho yamejaa machozi.

"Haya," Nerys akasema. "Nimenunua kikombe cha kuwekea. Lete mswaki wako."

Emlyn akapapasa mfuko, akapapasa begi, akafungua boksi la kwanza, la pili.

"Nerys..."

"Usiniambie."

"Nimeusahau kwa mama."

Mwaka na miezi miwili hakuwahi kuusahau. Nerys alicheka hadi akashika meza.

"Leo tumia wangu," akasema.