King'ora Anajifunza Kunong'ona

Walikutana kwenye foleni ya vitambulisho, watu wamebanana, jasho linawatoka. Mwanamume alikuwa akimfokea karani. Mwanamke aliyesimama nyuma yake, gauni la manjano, kilemba kimekaa upande, akamgusa bega.

"Kaka, karani bado si kiziwi. Ila ukiendelea atakuwa."

Foleni ikacheka. Mwanamume akampenda hapohapo, kama mtu aliyekanyaga sabuni.

Alikuwa msimamizi wa kiwanda cha mikate, na waliokuwa chini yake walimwita King'ora, kisogoni lakini. Mwanamke naye alikuwa dereva mpya wa gari la mikate la kiwanda hichohicho. Miezi mitano ikapita kwa simu na utani, King'ora akamwomba waoane. Dereva akasema atamjibu.

Kabla hajajibu, mwenye kiwanda akaleta mshauri, mama mfupi wa miwani, akawagawia wafanyakazi wote kumi na wawili karatasi zisizo na jina, waandike jinsi msimamizi anavyowaongoza. Mshauri akamsomea King'ora majibu. Kumi na moja zilimsifu kuliko marehemu msibani. Ya mwisho ilisema: "Ukikosea anakukaripia mbele ya watu. Ukifanya vizuri hakuoni."

King'ora akamshuku mpika mikate, akamnunia siku mbili. Kisha akampigia mpenzi wake simu, amlalamikie.

"Mwache mpika wa watu," dereva akasema. "Niliandika mimi."

"Wewe? Umenianika hivyo, mpenzi?"

"Wale wengine wanakuogopa. Na mimi siolewi na mtu wa kuogopwa." Akakata simu.

King'ora alisusa, akakonda kidogo, mwishowe akamwendea mshauri. Akafundishwa: sifa hadharani, kosa faraghani. Kesho yake akamvuta mpika kando ya tanuri, akamnong'oneza kwamba mikate imeungua chini. Maskini mpika, tangu aajiriwe hajawahi kunong'onezwa. Akadhani amefiwa na mama yake. Akaketi juu ya gunia la unga akalia, wenzake wakaja kumpa pole, na ilichukua nusu saa kumshawishi kwamba mama yake ni mzima.

Hapo King'ora aliona aibu ya kweli. Akamwomba mpika radhi mbele ya wote, hata kwa kumshuku, akauliza kuna kosa gani lake jingine. Mpika akapangusa pua.

"Bosi, tanuri limeharibika tangu mwaka jana. Tuliogopa kukwambia."

Basi wakafunguka. Wakamsema kwa zamu anazowapangia, wakamsema kwa kununa, wakafika hadi kwenye miluzi anayowaitia. Akaandika yote, hakumkatiza mtu. Dereva alikuwa mlangoni akisubiri mikate, akasikia.

Jioni simu ya King'ora ikalia, ni dereva. "Jumapili njoo nyumbani. Mama ana maneno na wewe."

Akaenda, shati limenyooka kwa pasi. Mama mkwe mtarajiwa akaanza kumkosoa: akaanzia kwenye viatu, akapanda kwenye ndevu, akatulia kwenye sauti. Chai ikapoa.

"Endelea, mama," King'ora akasema.

Dereva akatoka jikoni, akaketi upande wa King'ora.

"Mama, mengine utamwambia akishanioa."